Gakkou Gurashi!: Namna ya Kuitazama Bila Kumwagiwa Mchele

Kuna anime (katuni ya Kijapani) ya mwaka 2015 inayowapa tabu wote wanaoipenda pale wanapotaka kumshawishi mwenzao aitazame: ukieleza kwa nini ni nzuri, umeshamharibia. Inaitwa Gakkou Gurashi!, na nje ya Japani inajulikana pia kwa jina la School-Live!. Kwenye bango lake utaona wasichana wa sekondari wenye macho makubwa na nywele za rangi rangi. Ndani yake kuna mwalimu mpole na mbwa mdogo mtundu. Wana klabu yao shuleni, wanapika, wanataniana. Chini ya vicheko hivyo kuna hadithi ya kutisha, tena ya kutisha kweli.

Mwongozo huu una sehemu tatu, na kila sehemu ina msomaji wake. Ya kwanza ni ya mtu ambaye hajaona chochote. Ya pili usiisome kabla hujamaliza kipindi cha kwanza. Ya tatu ni ya waliomaliza vipindi vyote. Ukivuka mpaka wa sehemu yako, utajinyima kitu ambacho hakirudi, kwa sababu kipindi cha kwanza cha anime hii mtu hukitazama kwa macho mageni mara moja tu maishani.

Huenda ukaniuliza: kwa kusema tu kwamba inatisha, si nimeshamwaga mchele tayari? Naamini bado. Anayejua kwamba kuna kitu hakiko sawa hukaa macho, akachungulia pembe za picha, akajiuliza mambo. Kinachopaswa kubaki siri ni kitu gani hicho, na kimempata nani.

SEHEMU YA KWANZA: KABLA HUJAANZA

Hatua ya 1. Hakikisha umepata kitu chenyewe.

Unachotafuta ni mfululizo wa televisheni wenye vipindi 12, kila kimoja takriban dakika 24, ulioonyeshwa Japani kuanzia Julai hadi Septemba 2015. Studio ni Lerche, mwongozaji ni Masaomi Andō. Ipo pia filamu ya waigizaji wa kawaida iliyotoka Januari 2019 kwa jina hilohilo. Ukiipakua kwa bahati mbaya, iweke kando. Kadhalika manga yenyewe, yaani hadithi ya picha ya kusoma ambayo anime ilitokana nayo, na ambayo hadithi yake iliandikwa na Norimitsu Kaihō na kuchorwa na Sadoru Chiba, ina wakati wake mbele huko. Anza na anime. Kwa hadithi hii mwendo wa picha na sauti vina kazi ambayo karatasi inaifanya kwa namna nyingine kabisa.

Hatua ya 2. Jifunze kwanza mtindo inaojifanya kuwa.

Hatua hii watu wengi huiruka, na kwangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Manga ya Gakkou Gurashi! ilianza kuchapishwa mwaka 2012 katika jarida la Manga Time Kirara Forward la kampuni ya Houbunsha. Majarida yenye jina la Kirara yanajulikana Japani kwa aina moja ya hadithi: wasichana wachache, klabu moja, chai na keki, mitihani, likizo ya kiangazi, urafiki. Hakuna adui wala vita. Tatizo kubwa la kipindi kizima linaweza kuwa mvua iliyonyesha siku ya matembezi. Mjapani aliyewasha televisheni mwaka 2015 aliijua familia hiyo ya majarida, na akaketi akitegemea chai.

Wewe usiyekulia humo huwezi kushtuka kama yeye, kwa sababu hujui kilichovunjwa. Basi tenga jioni moja utazame kipindi kimoja au viwili vya K-On!, anime ya mwaka 2009 kuhusu klabu ya muziki ya shule, ambayo nayo ilitokana na manga ya Manga Time Kirara. Tazama jinsi chumba cha klabu kinavyochorwa. Angalia yule msichana mchangamfu asiyejali masomo na mwenzake anayemkumbusha wajibu, na mwalimu ambaye amekuwa kama dada yao mkubwa. Tazama jinsi kipindi kinavyoisha bila jambo lolote zito kutokea, na jinsi unavyobaki na moyo mwepesi. Ukishazoea mwendo huo, uko tayari.

Jambo moja zaidi la kubeba: Kaihō, mwandishi wa hadithi hii, anatoka Nitroplus, kampuni ya michezo ya kompyuta inayofahamika kwa hadithi za giza. Na katika anime ndiye aliyesimamia mpangilio wa hadithi mwenyewe. Kwa hiyo mabadiliko utakayosikia watu wakiyalalamikia mbele ya safari hayakufanywa na mgeni aliyeingilia kazi ya mtu.

Hatua ya 3. Usitafute chochote mtandaoni.

Usiandike jina la mhusika yeyote kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa sababu mapendekezo yanayojitokeza chini yake yatakuambia aliyekufa kabla hujamaliza kuandika. Usifungue kurasa za mashabiki zenye wasifu wa wahusika. Usisome maoni chini ya video. Kama unatazama kwenye programu inayoonyesha picha ndogo ya kila kipindi, usishuke kwenye orodha. Fungua cha kwanza na uzime vionjo vinavyojicheza vyenyewe kama programu inaruhusu. Trela nazo ziache.

Ukiwa na rafiki aliyekwisha kuiona, mwambie jambo moja tu: anyamaze.

Hatua ya 4. Picha, sauti na lugha.

Najua bando ni ghali na kishawishi cha kushusha ubora wa picha ni kikubwa. Usishuke chini ya 480p. Mengi katika anime hii yamewekwa nyuma ya wahusika, ukutani, dirishani, mwisho wa ukumbi, na picha ikiwa na ukungu utayakosa bila kujua kwamba umeyakosa. Vaa spika za masikioni kama unazo, maana kuna sauti ndogo zilizowekwa kwa makusudi.

Sikiliza sauti ya Kijapani ukiwa na manukuu ya lugha unayoisoma kwa wepesi. Ukikuta nakala ambayo DJ ameiwekea maneno yake juu, iache. Nawaheshimu ma-DJ, wamewafungulia watu wengi milango ya filamu za mbali, lakini hapa ukimya ni sehemu ya hadithi. Mahali ambapo hakuna anayesema kitu pana maana yake, na sauti ya msimulizi ikipita juu yake maana hiyo inafutika.

Hatua ya 5. Angalia nani yupo sebuleni.

Kwetu katuni bado ni kitu cha watoto katika akili za watu wengi, na picha za anime hii zitamvuta mtoto wa miaka sita haraka kuliko habari au mpira. Usimruhusu. Kuna damu, kuna vifo, na kuna huzuni nzito inayomwelemea hata mtu mzima. Mimi ningeanzia miaka 15, na hapo nikiwa nimeketi karibu. Kama nyumba yenu watoto hulala saa tatu, anza saa tatu na nusu. Kama simu yako huchezewa na wadogo zako, usiiache kwenye picha ya jalada yenye wale wasichana wakitabasamu, kwa sababu watabonyeza.

Neno pia kwa mtu mzima aliyefiwa karibuni. Hadithi hii inahusu msiba kuliko inavyohusu hofu. Wapo wanaofarijika kwa kitu kama hicho, na wapo wanaochubuliwa kidonda. Unajijua mwenyewe, haitakimbia.

Hatua ya 6. Tazama kipindi cha kwanza chote.

Chote maana yake pamoja na wimbo wa ufunguzi, bila kuuruka, mpaka picha ya mwisho kabisa. Weka simu nyingine mbali. Dakika za mwanzo utaona msichana anayeitwa Yuki Takeya akieleza jinsi anavyoipenda shule, kisha mbio ndefu za kumfukuza mbwa Taroumaru kwenye madarasa na kumbi. Huenda ukachoka. Huenda ukasema hizi ni porojo za kitoto. Vumilia zisonge kwa mwendo wake, usisogeze mbele hata sekunde kumi. Kuchoka huko kumepangwa.

Sasa funga ukurasa huu, nenda ukatazame.

SEHEMU YA PILI: BAADA YA KIPINDI CHA KWANZA

Sasa umeona. Miki, mwanaklabu mwenzake, amemfuata Yuki mpaka darasani, na darasa alilokuwa akilisifia limevunjika vioo, madawati yamepinduka, damu imekauka, na Yuki amesimama peke yake akizungumza na wenzake ambao hawapo. Uwanjani wanatembea maiti. Klabu ya Maisha ya Shuleni haikai shuleni kwa kupenda. Wasichana hawa ndio wachache waliobaki hai humo, na shule ndiyo ngome yao.

Hatua ya 7. Usikimbilie kipindi cha pili. Rudia cha kwanza.

Vidole vitakuwasha. Jizuie, rudia usiku huohuo au kesho yake. Ni dakika 24 tu, na ni kipindi kingine kabisa.

Mtazame Kurumi Ebisuzawa. Mara ya kwanza sepetu lake lilikuwa kichekesho, msichana wa ajabu asiyeachana na kifaa chake hata ndani. Sasa unajua ni silaha. Mtazame Yuuri Wakasa, wanayemwita Rii-san, anavyotabasamu kila Yuki anaposema kitu, na uone jinsi tabasamu lile linavyochelewa kidogo. Bustani ya mboga juu ya paa, mara ya kwanza pambo la klabu, sasa ndiyo chakula chao. Shule ya Megurigaoka ina umeme wa sola na mtambo wa kuchuja maji. Swali la kwa nini shule ya kawaida ijengwe hivyo liweke akilini, usilijibu bado. Na kila watu zaidi ya wawili wanapokuwa chumbani, tega sikio uone nani anamjibu nani.

Kisha rudia wimbo wa ufunguzi na ukariri picha zake. Kuanzia hapa usiuruke hata mara moja, kwa sababu picha zake hubadilika kadiri vipindi vinavyosonga. Waliotengeneza walikuwa wanajua kwamba watu huruka nyimbo za ufunguzi, wakaficha sehemu ya hadithi humo.

Hatua ya 8. Gawa vipindi kwa mafungu.

Vyote kwa pamoja ni karibu saa tano, na mtu anaweza kuvimeza siku moja. Sikushauri. Mimi ningevigawa hivi.

Cha pili na cha tatu pamoja. Cha tatu kinarudi siku yenyewe balaa lilipotokea, kikipita zaidi kwa macho ya mwalimu Megumi Sakura, wanayemwita Megu-nee. Ukikimaliza, simama hapo. Kinahitaji usiku wa kulala juu yake.

Cha nne, cha tano na cha sita ni hadithi moja. Hivi vinaeleza Miki Naoki alivyopatikana, na usipojua hilo utachanganyikiwa: katika kipindi cha kwanza Miki tayari ni mwanaklabu, halafu hadithi inarudi nyuma kabla hajawajua wenzake. Hakuna kosa katika faili zako. Miki alikuwa amejificha katika jumba la maduka na rafiki yake Kei. Walikuwa na chakula na mlango imara. Kei akaondoka. Hakuondoka kwa njaa. Aliona kubaki hai tu, ndani ya chumba, siku baada ya siku, hakumtoshi. Swali hilo la Kei ndilo linalobeba mfululizo mzima, na nitalirudia sehemu ya tatu.

Cha saba hadi cha tisa vina pumzi. Wanaandika barua na kuzirusha kwa maputo, wanagundua karatasi ambazo hawakutakiwa kuziona. Hapa ndipo nina ugomvi na waliotengeneza: kipindi cha tisa kinatumia muda mrefu kuwaonyesha wasichana wakiwa na nguo za kuogelea kwa namna iliyokusudiwa kumfurahisha mtazamaji wa kiume, na hawa ni watoto wa shule. Ni ada ya soko la anime, na ni mbaya. Ningependa isingekuwepo, nami simlaumu anayeisogeza mbele. Lakini usiruke kipindi kizima.

Cha kumi, kumi na moja na kumi na mbili vitazame kwa mkupuo mmoja. Tenga saa moja na robo na usipange kitu kingine baada yake.

Hatua ya 9. Soma majina ya shughuli zao.

Huu ndio ufunguo wa katikati ya hadithi. Kila kipindi klabu ina shughuli, na kila shughuli ina jina la shule. Usiku mmoja Yuki anapendekeza mchezo wa kujaribu ujasiri, ule ambao wanafunzi wa Japani huucheza wakati wa kiangazi kwa kupita penye giza. Wenzake wanakubali mara moja, kwa sababu chakula kimepungua na lazima mtu ashuke dukani ghorofa za chini. Yuki anataka matembezi ya shule. Wenzake wanahitaji kwenda kwenye jumba la maduka. Yuuri anaandika matumizi daftarini kama mama wa nyumba, na daftari lile linawaambia wamebakiwa na siku ngapi.

Chukua karatasi ukiweza. Upande mmoja andika jina la shughuli, upande wa pili kazi iliyofanyika chini yake. Ukifika kipindi cha sita utaona kwamba hakuna mchezo hata mmoja uliokuwa mchezo mtupu, na utaona jambo la pili pia: kila mara walikwenda kwa sababu Yuki alilisema kwa furaha. Wangeambiana tu kwamba chakula kimekwisha na nje kuna maiti, sidhani kama wote wangeinuka.

Hatua ya 10. Jifunze sheria za hao walio nje.

Wasichana huwaita "wale" tu. Shika haya mawili. La kwanza, wanafuata mazoea waliyokuwa nayo walipokuwa hai: mwanafunzi aliyekufa bado huja shule mchana na hupungua usiku. La pili, mvua ikinyesha huingia ndani kwa wingi, kama watu wanaotafuta pa kujikinga. Yanasemwa kwa haraka, nawe utadhani ni maelezo ya kupamba. Mwisho wote wa hadithi umesimama juu ya hayo.

Hatua ya 11. Usimcheke Yuki.

Hii ni hatua pia, na inataka nidhamu. Mtazamaji aliyeshajua siri hujiona mwerevu kuliko msichana anayeongea na viti vitupu. Wenzake walioishi naye hawamcheki. Miki alipofika alimkasirikia Yuuri na Kurumi kwa kuendeleza hali ile, akaona wanamdanganya mgonjwa. Fuata jinsi mawazo ya Miki yanavyobadilika na kwa sababu gani. Kama uko na kundi na mmoja anaanza kumwita Yuki kichaa, simamisha video, mwombeni atazame kwanza hadi mwisho.

Endelea mpaka cha kumi na mbili. Kisha rudi.

SEHEMU YA TATU: BAADA YA VIPINDI VYOTE

Hatua ya 12. Rudi kwa Megu-nee.

Fungua tena kipindi cha kwanza au cha pili na umfuate mwalimu peke yake. Anatoa ushauri, anaonya, analalamika kwamba wanafunzi wanamwita dada badala ya mwalimu. Sasa hesabu ni nani anayemjibu. Ni Yuki. Wengine wakimtaja, wanafanya hivyo kwa ajili ya Yuki, na macho yao hayaendi aliko. Walitangulia kutuwekea jibu mbele ya macho, nasi tukamkubali mwalimu yule kwa sababu Yuki alimkubali. Tulikuwa ndani ya kichwa chake muda wote.

Kisha tazama upya mkutano wa Miki na mwalimu kule chini, baada ya Kurumi kuumwa. Miki hakuwahi kumjua akiwa hai. Yeye pekee ndiye angeweza kuifanya kazi ile, na bado anamwita mwalimu, kwa heshima, anammaliza kwa heshima. Hilo ni tendo la mazishi.

Na Kurumi: sepetu lilitoka kwenye bustani ya juu ya paa, siku ya kwanza, mbele ya kijana aliyempenda aliyekuwa amekwisha kugeuka. Aliloshika siku ile hakuliacha tena.

Hatua ya 13. Zungumzeni kuhusu vipaza sauti.

Kama mlitazama kundi, hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote.

Mwishoni sepetu limeshindwa, milango imeshindwa, Yuuri aliyekuwa nguzo amevunjika akiwa na kisu mkononi asijue la kumfanyia Kurumi. Anayewaokoa ni Yuki, mtoto wa ndoto. Anafika chumba cha matangazo, anazungumza na shule nzima kwenye vipaza sauti, anawaambia kwamba masomo yamekwisha na muda wa kwenda nyumbani umefika. Wale wanageuka, wanaondoka. Mazoea yaliyowaleta shuleni ndiyo yanayowatoa. Anayeweza kuzungumza nao ni yeye aliyewaona muda wote kuwa wanafunzi wenzake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wanaosema kwamba uzuri wa anime hii ni ule ujanja wa kipindi cha kwanza, kwamba utamu ulikuwa kinyago na kutisha ndiko uso. Ingekuwa hivyo, kipindi kimoja kingetosha. Utamu haukuvuliwa kamwe. Chai, matembezi, barua na mahafali viliwapa sababu ya kuamka, na Kei alipouliza kama kuishi tu kunatosha, klabu ilikuwa tayari inamjibu kila siku bila kumsikia. Tazama mahafali yao ya mwisho ukiwa na wazo hilo, wakiwa watu wachache tu katika jengo lililoungua, wakifanya kila hatua ya sherehe kabla ya kuondoka na gari la mwalimu wao.

Maswali ya kuanzishia mazungumzo: Je, Yuuri na Kurumi walimtunza Yuki au walimtumia? Yuki alijua kiasi gani, na tangu lini? Na yale mafaili ya dharura yaliyofungiwa, yenye maelezo ya ghala la chini na ugonjwa wenyewe, yanamweka wapi Megu-nee aliyeyapata kwa kuchelewa? La tatu hili msilipite haraka. Kuna mtu mzima aliyeijenga shule ile akijua.

Hatua ya 14. Sasa ndiyo fungua manga.

Vitabu ni 12, na hadithi ilimalizika mwaka 2019. Usisome kwa kulinganisha ukurasa kwa kipindi. Taroumaru uliyemlilia ana nafasi ndogo sana humo. Anime ndiyo iliyomkuza akawa mwanafamilia. Baada ya mahafali manga inaendelea mbali, wasichana wanaingia chuo kikuu na kukutana na watu wengine waliobaki hai, na hapo unagundua kwamba watu hai wana hatari zao. Ni ngumu zaidi, na mwendo wake haulingani kila mahali, lakini swali la nani aliyesababisha balaa linapewa nafasi ambayo vipindi 12 havikuwa nayo.

Hatua ya 15. Cha kutazama baadaye.

Pumzika wiki moja hivi, kisha nenda kwa Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011, iliyoandikwa na Gen Urobuchi, ambaye naye alitokea Nitroplus. Wahusika wake walibuniwa na Ume Aoki, mchoraji aliyejulikana kwa hadithi tulivu za majarida yaleyale ya Kirara, kwa hiyo mkono unaochora utamu hapa ni mkono wenye utamu kweli. Vipindi 12 pia. Usiihukumu kabla ya kumaliza cha tatu. Vipindi vyake viwili vya mwisho vilicheleweshwa hadi Aprili mwaka huo kwa sababu ya tetemeko la Machi 2011, na ukikumbuka hilo baadhi ya picha za jiji lililobomoka zitakugusa kwa namna nyingine.

Ya mwisho ni Higurashi no Naku Koro ni, na hii ni kali kuliko zote mbili: mateso yanaonyeshwa waziwazi. Ni kijiji cha kubuni cha Hinamizawa, Juni 1983, marafiki wanaocheza karata baada ya shule. Mandhari yake yametokana na kijiji halisi cha Shirakawa-go chenye nyumba za mapaa marefu ya nyasi. Angalia usinaswe hapa. Mwaka 2020 ilitoka Higurashi mpya yenye picha safi zaidi, ikatangazwa kama vile ni hadithi ileile iliyotengenezwa upya. Kumbe ni mwendelezo, nayo inadhani unajua majibu yote tayari. Anza na ile ya mwaka 2006 ya Studio Deen, vipindi 26, hata kama michoro yake imezeeka.